Nimezaliwa saba saba: tarehe yangu ni ipi, na kweli ni nzito?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa Langoni, Lamu. Kitambulisho changu kinasema nimezaliwa 7/7/1998. Kadi ya kliniki aliyoniwekea mamangu imeandikwa 6/7/98, saa 9:10 PM. Nyanya yangu naye anasema nimezaliwa usiku wa Jumanne, mwezi kumi na mbili Mfunguo Sita, siku ya Maulidi yenyewe, na kasida zilikua zasikika mpaka wodini. Nikitizama kwa simu, 6 Julai 1998 ilikua Jumatatu. Sasa juzi mtu mmoja wa falaki, mtazama nyota, kaniambia saba saba ni tarehe nzito, ndio mambo makubwa yote yanaiangukia, Saba Saba ya Tanzania, Saba Saba ya fujo za Kenya, sasa Siku ya Kiswahili, na mimi juu yake nimegongana na Maulidi. Anataka elfu nane na kuku mweusi afanye kafara. Mchumba sina, kazi nimeomba mara tano sijapata, nimeanza kuamini. Tarehe yangu ni ipi, na kweli ni nzito?"

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili na karatasi na kalamu mkononi, manake umeniletea kitu ambacho sikipati kila siku, kadi yenye saa. Watu wananiandikia nimezaliwa lini mwalimu, ukiwauliza saa ngapi, kimya. Wewe umeniambia 9:10 PM na fundo lako lote linafunguka hapo. Ila wacha nianze na huo uzito kwanza kwa sababu naona ndio unaokunyima usingizi, na elfu nane si pesa za kuokota.

Hebu tuitandue hio 7 Julai. TANU ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, ikitokana na chama cha TAA kilichokuwepo tangu 1929. Na kwa vile sisi miezi tunaita kwa namba, mwezi wa saba tarehe saba, jina likajitunga lenyewe, Saba Saba, ikawa sikukuu huko Tanzania mpaka yale maonyesho makubwa ya biashara ya Dar yakabeba jina hilo. Sasa UNESCO mwezi wa Novemba 2021 walipokua wanataka siku ya Kiswahili hawakupiga bao wala hawakuchungulia nyota, waliichukua 7 Julai kwa sababu ya TANU hio hio, kwamba chama cha Nyerere kilikishika Kiswahili kama silaha ya kudai uhuru. Sherehe ya kwanza ikafanywa 2022. Kwahiyo hayo mambo mawili aliyokuhesabia ni jambo moja na mtoto wake. Ni kama mtu ashangae wewe na mamako mna pua moja halafu akutoze pesa kwa mshangao wake.

Ya Kenya ina njia yake. Mwaka 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano Kamukunji, Nairobi, Jumamosi ya 7 Julai, kudai vyama vingi. Serikali ikawatia ndani tarehe 4, siku tatu kabla, watu wakaenda hivo hivo bila wao, ikawa moshi na risasi, watu wakafa. Desemba 1991 kile kifungu cha 2A cha katiba kilichotufunga kwenye chama kimoja kikaondolewa. Tangu hapo ukisikia maandamano Kenya tarehe saba mwezi wa saba, kama yale ya 2025, ujue watu wamekaa kikao wakaichagua siku hio kwa sababu ya 1990, wanataka ukumbuke. Hapo hakuna cha bahati.

Na kuna moja hakukutajia. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hii tunayovukia mpaka kwa kitambulisho, ulianza kufanya kazi 7 Julai 2000. Mbona hio hakuihesabu? Kwa sababu ni habari ya mihuri na makaratasi, haitishi mtu. Mwenye kutaka kukuuzia uzito ataokota mazito, mepesi atayaruka, na tarehe yoyote ukinipa mimi naweza kukufanyia hivo hivo, nikakupa ya kukuliza ama ya kukuchekesha, ni mimi tu na ninavyochagua.

Tena sehemu hii ya dunia tunapenda sana kurundika mambo siku moja. Kenya ilipata uhuru 12 Desemba 1963, na jamhuri ikawekwa 12 Desemba 1964. Tanganyika vile vile, uhuru 9 Desemba 1961, jamhuri 9 Desemba 1962. CCM ilizaliwa 5 Februari 1977, na ukiuliza kwa nini siku hio, Afro-Shirazi ya Zanzibar ilikua imezaliwa 5 Februari 1957, wakangoja itimie miaka ishirini barabara. Tarehe zinarithiwa kama nyumba za Mkomani huko kwenu Lamu, anakaa mmoja, anakuja mwengine anaongeza ghorofa juu yake, baada ya miaka mia mgeni anauliza aliyejenga ni nani.

Na ile migongano ambayo hakuna aliyeipanga pia ni mingi kuliko watu wanavyodhani. Chukua watu 23 wowote, nafasi ya wawili wao kua wamezaliwa tarehe moja imeshapita nusu. Wakifika arubaini, kama darasa la kawaida hapa Malindi, ni karibu tisa kwa kumi. Nimesomesha historia miaka mingi na nilikua nafanya mchezo huu kila muhula wa kwanza, watoto wanataja tarehe mmoja mmoja, na kila nikipata wawili waliogongana darasa linapiga kelele kama wameona jini. Hakuna jini. Siku ni 366 tu, watu na mambo ni mengi, lazima yakanyagane. Na siku ile uliyozaliwa wewe walizaliwa watoto zaidi ya laki tatu duniani, kama tarehe ni nzito basi mmebeba wengi, na wengine naamini wana wachumba.

Sasa kuhusu huyo bwana wa falaki, nataka nikwambie kitu ambacho huenda hukukitarajia kutoka kwangu: hata kwa kazi yake mwenyewe amekosea. Falaki ya pwani, ile ya vitabu, inahesabu kwa abjadi, anachukua herufi za jina lako na jina la mamako, anazitia namba, anajumlisha, halafu anatazama siku ya wiki na mwezi wa Kiislamu. Mimi siiamini, lakini nazijua taratibu zake. Saba saba ya mwezi wa Kizungu haimo! Huo mwezi wa saba wenyewe ni wa saba kwa Wazungu wa leo tu. Warumi wa zamani mwaka wao ulianza Machi, na Julai walikua wanaiita Quintilis, yaani wa tano, ndio baadae wakaupa jina la Julius Caesar. Kwahiyo tarehe yako kwa Mrumi ni saba ya mwezi wa tano. Kwa Mwarabu ni kumi na mbili ya mwezi wa tatu, Rabiul-Awwal, manake anahesabu kuanzia Muharram. Kwa nyanya yako ni kumi na mbili Mfunguo Sita, kwa sababu sisi waswahili tunaanza kuhesabu tunapofungua Ramadhani, Mfunguo Mosi, Pili, Tatu, mpaka Tisa, halafu Rajabu, Shaabani na Ramadhani tena. Siku ni hio hio moja, jua ni hilo hilo, namba nne tofauti. Sasa uzito uko kwa namba ipi? Muulize, uone atakavyokohoa.

Haya, tuje kwa kadi.

Tatizo lako ni kwamba kadi yasema 6, kitambulisho chasema 7, simu yasema 6 ni Jumatatu na nyanya anashikilia Jumanne. Unadhani mmoja wao amesahau, na najua unavyomtazama nyanya yako hapo. Hajasahau. Mswahili hafunguzi siku saa sita ya usiku. Kwa Mzungu saa sita usiku ndio tarehe inageuka, watu wote wamelala. Kwetu siku inageuka magharibi, jua likizama tu, usiku unakuja mbele na mchana unafuata nyuma. Ndio ukisikia mtu mzima anakwambia njoo usiku wa Ijumaa, anakusudia Alkhamisi baada ya magharibi, na ukienda Ijumaa usiku utakuta mlango umefungwa na chakula kimeliwa, mimi yamenikuta Siyu nikiwa kijana na nikarudi na njaa yangu. Siku hizi vijana wakitaka kua salama wanasema usiku wa kuamkia Ijumaa.

Sasa wewe ulizaliwa saa tatu na dakika kumi usiku. Muuguzi anafuata saa ya ukutani, kwake bado ni Jumatatu 6 Julai, akaandika 6/7/98, na hakukosea. Nyanya alikua ameshaswali magharibi na isha, kwake Jumanne ilishaingia kitambo, akasema usiku wa Jumanne, na yeye pia hakukosea. Halafu babako, ama yeyote aliyekwenda kukuandikisha, aliulizwa mtoto kazaliwa siku gani akajibu kama watu wa nyumbani walivyokua wakisema, Jumanne, siku ya Maulidi, karani akatizama kalenda ukutani, Jumanne ni tarehe 7, akaandika. Hio ya karani naikisia mimi lakini nimeona kesi za namna hii nyingi mno hata sioni njia nyengine. Watu watatu, wote wakweli, tarehe mbili.

Kuna mtego mmoja hapa usiingie. Ukitafuta kwa intaneti 12 Rabiul-Awwal mwaka 1419 utaambiwa ni Jumatatu 6 Julai 1998, na utafurahi useme ah, kumbe inalingana na kadi. Hailingani, imesadifu tu kwa sababu nyengine kabisa. Zile ni kalenda za hesabu. Sisi mwezi tunaungoja uandame, tuuone kwa macho. Nimekupigia hesabu: mwezi ulizaliwa asubuhi ya Jumatano 24 Juni 1998, yapata saa moja kasoro za huku kwetu. Jioni yake jua linazama umri wa mwezi hata masaa kumi na mawili haujafikisha, mchanga mno, hakuna jicho linaloona mwezi wa umri huo. Ungeonekana Alkhamisi jioni, tarehe 25. Kwahiyo mwezi mosi ni Ijumaa tarehe 26, na ukihesabu mpaka kumi na mbili unatua Jumanne tarehe 7 Julai, na usiku wake ni ule wa Jumatatu saa tatu, kasida zinasomwa na wewe unalia. Nyanya yako yuko sawa kwa siku, kwa mwezi na kwa usiku, miaka yote hii bila karatasi. Mbebe zawadi.

(Hizi kalenda za ukutani nazo zatuponza. Mwaka mmoja duka moja hapa mjini lilituzawadia kalenda nzuri yenye picha ya jahazi, Maulidi imewekwa siku moja mbele, mtaa mzima tukabishana mpaka mpishi wa pilau akauliza nitie mchele leo ama kesho.)

Nawe usione haya ati tarehe yako ina mikanganyiko, mji wangu mzima una tatizo lako. Hapa Malindi watalii wakiletwa kwenye ile nguzo ya Vasco da Gama wananiuliza alifika tarehe ngapi. Vitabu vinasema merikebu zake zilitia nanga hapa Jumamosi 14 Aprili 1498 jua likizama, na kesho yake ilikua Jumapili ya Pasaka. Jua likizama! Sasa mzee wa Malindi aliyekua amekaa ufukweni siku ile, baada ya magharibi kwake imeshakua usiku wa Jumapili. Mgogoro wako ule ule, miaka mia tano kabla yako. Na haiishii hapo. Wakati ule Wareno walifuata kalenda ya Julius Caesar, ambayo ilikua imeachana na jua, mpaka Papa Gregory akaja kuirekebisha 1582, watu wakalala Alkhamisi 4 Oktoba wakaamka Ijumaa 15 Oktoba, siku kumi zimeliwa. Kwa mwaka 1498 tofauti ni siku tisa. Kwahiyo hio Jumapili ya 15 Aprili, ambayo kwa yule mzee wa ufukweni ndio siku aliyofika, kwa kalenda yetu ya leo ni 24 Aprili, na vitabu vinasema da Gama aliondoka hapa na rubani wake lini? Jumanne 24 Aprili. Yaani ukichanganya kalenda mbili bila kuangalia utamkuta mtu anafika na kuondoka siku moja, na hakuna aliyesema uongo. Kila nikisoma habari ya tarehe hii siku kama ya leo ilitokea kadha wa kadha, nauliza kwanza, kwa kalenda ya nani.

Pengine unajiuliza pia kwa nini Maulidi imekukimbia, mbona haiangukii tena tarehe yako. Haikukukimbia, mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, mfupi kuliko wa jua kwa siku kama kumi na moja, kwahiyo kila mwaka inarudi nyuma. Mwaka 2025 iliangukia mwanzo wa Septemba. Zitakaribiana tena na tarehe yako 2030, hapo Maulidi yatakuja yapata wiki moja baada ya 7 Julai, na 2031 yatakuja siku chache kabla, zitapishana mlangoni bila kushikana mikono. Na kwa hesabu ya nyanya wewe umri wako unakwenda mbio, Maulidi ile ya 2025 ulitimiza miaka 28 wakati kitambulisho kinakupa 27, hio usimwambie mtu anayekutafutia mchumba.

Kugongana na Maulidi si mkosi hata kidogo, na hapo sisemi kama sheikh kwa sababu mimi si sheikh, nasema kama mtu wa historia. Siku hio yenyewe imebeba furaha na msiba pamoja, kwa kauli iliyo mashuhuri Mtume alizaliwa kumi na mbili Rabiul-Awwal na akafariki kumi na mbili Rabiul-Awwal, ingawa kwa tarehe ya kuzaliwa wanazuoni wana kauli zaidi ya moja na Mashia wanasoma tarehe kumi na saba. Na wewe mtu wa Lamu wajua zaidi yangu kwamba pale Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh, Maulidi yenyewe ile kubwa inayoleta wageni haisomwi kumi na mbili, inasomwa mwisho mwisho wa mwezi. Hakuna aliyesema Walamu wamekosea siku. Kama unataka neno la dini juu ya kafara na falaki, nenda kwa khatibu wa msikiti wenu ama kwa kadhi, umuulize ana kwa ana, na naona najua atakachokujibu.

Makaratasi sasa, na hapa nakuomba uwe mtulivu. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuacha kama ilivyo: kitambulisho kinasema 7, tazama cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule, kama vyote vinasema 7 basi wewe serikalini ni mtu wa 7 Julai na ile kadi ya kliniki ni kumbukumbu tu, iweke kwenye nailoni isiliwe na mende. Ya pili ni kurekebisha ifuate kadi, na hio inawezekana lakini ukibadilisha karatasi moja utalazimika kufukuza nyengine zote zifuatane, vyeti vya mitihani ndio vigumu zaidi, na faida yake ni kama masaa matatu tu ya usiku mmoja. Mimi ningeacha. Ila kama cheti cha kuzaliwa kinasema 6 na kitambulisho 7, hio ni habari nyengine, pasipoti itakusumbua na mwajiri atauliza, hapo usikae, chukua kadi, cheti, kitambulisho na vyeti vya shule uende mwenyewe ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, uwaulize wanataka nini, mara nyingi utaambiwa ufanye hati ya kiapo kwa wakili. Na tafadhali usichukue kalamu ukaigeuza 6 ikawa 7 kwenye kadi, nimeshaona mtu kafanya hivo na wino wa rangi nyengine.

Kuhusu hizo kazi tano, nisikudanganye ati najua kwa nini hukupata. Najua tu kwamba waliozaliwa 8 Julai nao wanazikosa, mji mdogo, nafasi chache. Hio elfu nane itakutosha nauli na mambo mengine mengi kabla ya kuku. Lakini umesema umeanza kuamini, na hilo ndilo nimelirudia kulisoma. Kama tangu akwambie hulali vizuri, chakula hakipiti, ama kila kitu kidogo kikiharibika moyo unakwambia ni ile tarehe, zungumza na mamako leo, na ukiona wiki mbili zinapita hujatulia nenda hospitali ya kaunti, kuna washauri nasaha na hio ni kazi yao. Huyo bwana akizidi kukufuata na kukutishia, mwambie mzee wa mtaa.

Na kabla sijasahau, kaa na nyanya yako jioni moja umuulize na wengine, babako alizaliwa lini, mamako lini, ami zako, Mfunguo wa ngapi na usiku ama mchana. Andika kama atakavyosema, usimsahihishe. Ukishapata niletee na mimi nitakaa na kalamu yangu nikupigie hesabu zote, bure, kuku sitaki.